"Mbwa ruksa" kumbe mtego: kampuni ya motahomu imenikata hela kwa manyoya ambayo hata sio ya mbwa wangu

Wakuu salama? Mimi sio salama, nina hasira tangu jana na nisipozitolea hapa ntapasuka.

Niko Coventry, Uingereza, na familia, na mbwa wetu anaitwa Popi, labrado, mweusi tii kuanzia pua mpaka mkia. Shikeni hapo kwenye mweusi tii. Kwa wasiojua motahomu ni ile gari yenye vitanda, jiko, friji na choo humohumo ndani, unakodi unaenda nayo mashambani wikiendi mnalala nayo huko. Sisi tulikodi ile wikiendi ndefu ya mwisho wa Mei tukaenda Eryri, kule milimani kaskazini ya Wales, maana hoteli ukitaja mbwa tu wanakuuliza ana kilo ngapi kama unaenda kumuuza. Tangazo la hawa jamaa lina maandishi makubwa kabisa mbwa anakaribishwa, na picha ya kambwa kamekaa siti ya mbele kamevalishwa miwani ya jua. Ada ya mbwa pauni 60. Nikapiga simu kuuliza hiyo 60 ni ya nini, dada akanijibu vizuri tu, ni ya usafi, manyoya na nini. Shikeni na hilo pia.

Hapo bado sijasema kwamba unachukua gari saa tisa alasiri na siku ya kurudisha saa nne asubuhi iwe imeshafika kwao, lakini siku zote mbili unalipia nzima. Haya tukameza. Dipoziti pauni 1,000 wameizuia kwenye kadi. Bima yao haigusi paa, yaani ukikwaruza tawi au ukabamiza daraja fupi ni wewe na mfuko wako, kwahiyo nimeendesha roho mkononi, barabara za vijijini kule nyembamba, ukuta wa mawe kulia ukuta wa mawe kushoto, na ukiingia kwenye makazi ni maili 20 kwa saa tangu walivyobadilisha Septemba 2023. Gari imerudi haina hata alama ya kucha.

Na Popi alikuwa mstaarabu kuliko wanangu. Njiani kafungwa mkanda wake, maana Kanuni ya 57 ya kile kitabu cha sheria za barabarani inataka mnyama adhibitiwe asimsumbue dereva. Wales kondoo ni karibu mara tatu ya watu, na mbwa akiwavamia mkulima anaweza kumpiga risasi na sheria ikamlinda, so kamba haijatoka mkononi kwangu kabisa. Kambini mbwa haingii bafuni, hasogei wanapooshea vyombo, na haruhusiwi kubaki peke yake ndani ya gari, mimi na mke tukawa tunaoga kwa zamu. Sikulalamika hata kidogo, waliyasema mapema na yanaeleweka, gari jua likiwaka linaua mbwa fasta. Ndani ya gari tumetandika shuka letu kwenye kochi, godoro lake liko chini, kila akiingia anafutwa miguu na taulo. Kabla ya kurudisha tukapitisha vakyumu, tukapitisha ile rola ya kunata, na kile choo cha kaseti (tanki lake la uchafu unalichomoa) nimekwenda kumwaga mwenyewe maana mama watoto aligoma kabisa kukisogelea (ile dawa ya bluu haisaidii kitu, mtu asikudanganye).

Sasa sikieni. Siku ya kurudisha katoka kijana na tableti na tochi. Kazunguka nje, kapanda ngazi kaangalia paa, matairi, vioo, hakuna kitu. Kaingia ndani, hakuangalia jiko, hakuangalia kitanda, kaenda moja kwa moja kochi la nyuma, kang'oa mto wa kukalia, kafungua ule mfuniko wa mbao wa chini, kazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko pale inapopita bomba la hita. Ukatoka na kishungi cha manyoya. Akakiweka kiganjani akakipiga picha.

Manyoya MEUPE!!

Popi kasimama hapohapo mlangoni anamwangalia, mweusi. Nikamwambia bro mwangalie huyu mbwa halafu angalia mkono wako. Anajibu eti yeye anaripoti anachokikuta, ofisi ndo inaamua. Na alivyoenda moja kwa moja pale, mi nakwambia yule alikuwa anajua kabisa kuna nini mle chini.

Jioni imeili ikaingia: pauni 275 "usafi wa kina wa mnyama", pauni 40 "harufu". Harufu wameipima na kipimo gani? Watanirudishia 685. Na ile 60 niliyolipia usafi wa manyoya wamekaa kimya. Nimewatumia picha za Popi kila upande, hadi tumbo, wakanijibu kwa kunibandikia kipande cha mkataba kwamba mkodi anawajibika na gharama zote zitokanazo na mnyama, chini wakamalizia wanathamini sana wateja wao. Wezi wa mchana kweupe!

Najua kuna watakaokuja hapa kusema kosa langu kumlaza mbwa ndani, mbwa analala nje bandani. Sawa, hilo fungua uzi wako. Hapa ishu ni mtu kachukua hela ya usafi mara mbili kwa manyoya ya mbwa wa mteja mwingine, na sijui hiyo 275 wameshawakata wangapi kabla yangu kwa kishungi hichohicho.

Sijakaa kimya. Nililipa kwa kredit kadi, so nimewafungulia kesi benki kwa kifungu cha 75 cha ile sheria ya mikopo ya 1974, kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 benki inabanwa pamoja na muuzaji. Sheria ya haki za mlaji ya 2015 nayo inasema kipengele cha mkataba kisicho cha haki hakimfungi mteja. Wakikaza naenda mahakama ya madai madogo, inachukua mpaka pauni 10,000 na wakili sio lazima.

Ninachotaka kwenu mliokodi hizi gari UK: benki wananiuliza ushahidi wa hali ya gari siku naichukua. Video ninayo, sakafu, kochi, kila kitu, ila chini ya mto haionekani, sasa nani anang'oa kochi la watu siku ya kuchukua gari? Kuna aliyewahi kushinda kwa video ya hivyo? Na kuna yeyote aliyekatwa "harufu"? Njooni na risiti, wa kuniambia niache yaishe apite uzi wa pili.