Jaribio moja la programu kwa nyakati nyingi: namna ya kuzipima zote bila kukatizwa

Mwana Amu
Assalaam aleikum. Ninaandika kwa Python programu ndogo ya tikiti za boti za Pate. Kwa kuwa boti hizo hufuata maji na saa zake hubadilika, karani huandika saa kama tunavyoitamka, nayo programu huigeuza iwe ya mfumo wa saa 24. Jaribio langu, yaani msimbo wa kuhakiki kama programu inageuza sawasawa, ni moja, lina kitanzi kinachopitia nyakati 14. Wakati wa tatu ukikosea, jaribio husimama papo hapo, nami sijui hali ya zile 11 zilizobaki. Kulinakili jaribio mara 14 sipendi. Nifanyeje?

Fundi wa Langoni
Waaleikum salaam. Kitanzi chako, kwa hesabu ya kompyuta, ni jaribio moja tu. Likianguka dai la kwanza, yaani ulinganisho wa kwanza wa tokeo na unalolitarajia, yaliyo nyuma yake hayafikiwi. Ukitumia pytest, maktaba ya majaribio ya Python, weka juu ya jaribio dekoreta (mstari unaoanza kwa @) ya parametrize, uipe majina ya vigezo pamoja na orodha ya jozi, kila jozi ikiwa na saa iliyoandikwa na tokeo unalolitarajia. Jaribio litaendeshwa mara 14, kila mara likihesabiwa peke yake. Zipe jozi majina kwa kigezo cha ids, ili ripoti ikuonyeshe "saa 6 usiku" badala ya kukuacha ukikisia.

Mwanagenzi
Asiyetaka kuongeza maktaba anaweza kutumia subTest ya unittest, maktaba ya majaribio inayokuja ndani ya Python, iliyokuja na Python 3.4. Kitanzi hubaki. Ila setUp, sehemu inayoandaa mazingira ya jaribio, huendeshwa mara moja tu kwa jaribio zima, hivyo mzunguko mmoja ukiacha data nyuma, unaofuata utaikuta.

Mkaaji wa Shela
Ndugu yangu, mimi naogopa zaidi hayo maingizo yenyewe. Tokeo linalotarajiwa liandike kwa mkono. Ukilipata kwa kujumlisha 6 ndani ya jaribio, kosa la programu litarudiwa na jaribio, na yote mawili yatakubaliana. Saa 2 na saa 3 asubuhi hupita njia ile ile, basi moja yatosha. Nenda kwenye mipaka: saa 12 asubuhi ni 06:00, lakini anayejumlisha 6 bila kufikiri hupata 18:00, na abiria wake atafika gatini jioni. Nayo saa 6 usiku ni 00:00, ilhali anayejumlisha 18 kwa saa za usiku hupata 24, saa ambayo Python huikataa. Usisahau saa 10 alfajiri. Maingizo mabovu, kama saa 13, yawe na jaribio lake linalotarajia kosa, usiyachanganye na mazuri kwa masharti ya "ikiwa". Na kama tikiti ina siku, kubalianeni kwanza na karani, maana usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi baada ya magharibi.

Mwana Amu
Ahsanteni. Nimetumia parametrize: 12 zimepita, 2 zimeanguka. Ya tatu ni saa 12 asubuhi, niliyoijua. Ya tisa ni saa 6 usiku, ambayo kitanzi hakikuwahi kuifikia.