Wauzaji wa Kariakoo, mnatuuzia pesti ya mabomba mnasema ni ya bodi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Mwezi wa tatu nilipata kazi ya kuunga vifaa kwenye bodi 40 za saketi za taa za sola. Kwa fundi wa Mbagala kama mimi, hiyo ni ada ya mtoto. Nikaenda Kariakoo (duka silitaji), nikachukua roli ya risasi ya kulehemia iliyoandikwa 60/40 na kikopo cha pesti, ile ya kupaka ili risasi ishike kwenye shaba. Nikauliza mara mbili: hii ni ya bodi? Muuzaji akanijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu, "Mafundi wote wanachukua hiyo hiyo."

Sasa bodi 11 zimerudi. Nikifungua, miguu ya vifaa imeota ukijani, njia za shaba zimeliwa, moja imekatika kabisa. Nikabandua kibandiko cha kikopo, chini yake kuna maandishi mengine: zinki kloraidi. Jamani! Hiyo ni ya kuungia mabomba! Chumvi yake ikibaki kwenye bodi inanyonya unyevu hewani na kuendelea kutafuna, na Dar hii unyevu tunao wa kugawa. Pesti ya bodi ni ya rozini, utomvu wa msonobari. Ikipata moto inasafisha shaba, ikipoa inatulia.

Risasi nayo vituko. 60 ni bati, 40 ndiyo risasi yenyewe, na mchanganyiko huo ukifika nyuzi 190 hivi umeshayeyuka wote. Nikaweka pasi ya kulehemia nyuzi 250: kipande changu cha zamani kikatiririka pale pale, hii mpya ikawa uji mzito. Risasi tupu inataka 327, kwa hiyo bati humo wamenyunyiza tu kama chumvi. Na mimi mjinga nilidhani pasi imechoka, nikapandisha moto mpaka vipedi, vile vipande vya shaba vinavyoshika miguu ya vifaa, vikabanduka.

Nimerudi dukani naambiwa, "Fundi, labda mkono wako." Miaka 14 nalehemu! Halafu anataka kuniuzia isiyo na risasi, eti ndiyo ya kisasa. Hiyo ya kawaida inaanza kuyeyuka nyuzi 217 hivi. Vipedi hivi vilivyokwisha kuungua vitaistahimili wapi? Nilifuata hela yangu, si usasa.

Bodi 29 bado ziko kwa wateja. Nazifuata moja moja, naziosha kwa maji ya moto na mswaki, kisha spiriti.

Anayejua inapopatikana risasi ya 63/37 (bati 63, risasi 37) ya milimita 0.8 yenye rozini ndani anitajie mtaa. Ila awe ameiyeyusha mwenyewe.