Naombeni ushauri: nitapimaje sauti na uimara wa deki ya CD kabla ya kuinunua?

Msikivu:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninayo deki nyepesi ya CD, na sasa nimeonyeshwa nyingine iliyokwisha kutumika, nzito kiasi cha kuinuliwa kwa mikono miwili, yenye uso wa alumini na trei inayotoka taratibu bila kelele. Nilipoisikiliza, sauti ilikuwa pana na besi imeshiba kuliko ya kwangu. Hata hivyo sipati usingizi, kwa kuwa sijui kama nilichokisikia ni ubora wa kweli au ni macho yaliyoyahonga masikio. Mtu huvipimaje vitu hivi viwili?

FundiTransfoma:
Uzito peke yake si ushahidi, ndugu yangu, kwani wapo watengenezaji wanaoongeza bamba la chuma chini ya kasha ili mnunuzi aridhike. Ukiruhusiwa kufungua kifuniko, tazama kama uzito huo ni wa transfoma au ni wa bamba, kisha zisukume kidogo kwa kidole soketi za nyuma: zilizofungwa kwa skrubu kwenye kasha hudumu kuliko zilizoshikwa na solda ya bodi tu. Trei isikufurahishe mno, maana nyingi huendeshwa na mkanda mdogo wa mpira unaobadilishwa kwa urahisi. Je, hizo deki mbili ulizilinganishia wapi?

Mzee wa Santuri:
Wanangu, mngeanza kwa kuuliza kwa nini asinunue santuri. Lakini kwa kuwa tumefika huku, Sony ilipoanza kuuza deki ya CDP-101 nchini Japani, Oktoba 1982, tuliambiwa kwamba biti 16, yaani usahihi wa kila namba ya sauti iliyo kwenye diski, zimemaliza kila kitu. Philips kwa upande wao waliweka kigeuzi (kile kinachogeuza namba za diski kuwa sauti) cha biti 14 ndani ya deki yao ya CD100, wakazidisha kasi ya sampuli, yaani ya namba hizo kwa sekunde, mara nne, na wapo waliopenda sauti hiyo zaidi. Tangu hapo siamini namba zinazochapwa usoni mwa mashine.

Msikivu:
Ile nzito niliisikiliza kwa muuzaji, kwa amplifaya na spika zake, nikailinganisha na yangu kwa kumbukumbu. Masikio yangu nayaamini.

Bi Mpimaji:
Basi ulilinganisha spika, hukulinganisha deki. Zichomeke zote mbili kwenye amplifaya moja, usawazishe sauti kwa mlio wa majaribio na mita ya volti kwenye waya za spika, tofauti isizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.1 hivi, kisha mtu mwingine awe anabadilisha bila wewe kujua ipi inacheza. Deki nyingi hutoa takriban volti 2. Inayotoa volti 2.3 huipita hiyo kwa zaidi ya desibeli 1, na sikio huipokea tofauti hiyo kama utamu, wakati ni sauti kubwa tu. Halafu nijibu hili: uliisikiliza diski hadi mwisho?

Msikivu:
Kwa kuwa nimebanwa, nitasema. Nyimbo za mwisho zilirukaruka, tukarudi kwenye za mwanzo. Muuzaji, ambaye ni shemeji yangu, alisema kwamba diski ilikuwa chafu. Nimekwisha kumpa nusu ya fedha, na sioni busara ya kuvunja undugu kwa ajili ya nyimbo mbili. Isitoshe, nyimbo nzuri aghalabu huwekwa mwanzoni.

Mama Subira:
Fedha ikitangulia kwa shemeji, hairudi bila kikao cha ukoo. Ungeuliza kabla.

FundiTransfoma:
Hapo ndipo penye shida. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo nyimbo za mwisho ziko ukingoni, ambako diski iliyopinda huyumba zaidi na leza imekwisha kusafiri reli nzima. Grisi ya reli ikikauka, au leza ikichoka, dalili zaweza kuanzia huko. Makosa madogo hurekebishwa na deki yenyewe bila msikilizaji kujua. Ikifika kuruka, marekebisho yameshindwa. Jaribu diski safi yenye zaidi ya dakika 70.

Mdadisi:
Samahani, uzi huu naona ni chai. Kwanza ulikuwa "umeonyeshwa" deki, sasa imekuwa ya shemeji, na jina lake hulitaji hata kidogo. Kwa maoni yangu shemeji ndiye wewe: unauza deki mbovu, na umekuja kujua wanunuzi hukagua nini ili uwahi kuficha.

Mzee wa Santuri:
Kama ni hivyo, tumemfundisha bure, tena kwa ukamilifu.

FundiTransfoma:
Awe mnunuzi au muuzaji, reli hiyo isafishwe.

Msikivu:
Mimi ni mnunuzi. Jina sikulitaja kwa sababu shemeji husoma jukwaa hili. Deki nitaichukua, ninachotaka kujua ni iwapo leza ikibadilishwa ile sauti pana itabaki.

Bi Mpimaji:
Upana huo bado hujathibitisha kwamba ni wa deki.

FundiTransfoma:
Leza mpya ikisoma sawasawa hukipelekea kigeuzi namba zile zile, kwa hiyo sauti haitabadilika. Ila kabla ya kulipa nusu iliyobaki, hakikisha kwamba leza ya deki hiyo bado inapatikana, na shemeji akubali kuwa gharama yake itakatwa humo.