Mjadala: Promu ya dola 200, namnyima mtoto au namfundisha?

Mama Wawili:
Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, nisaidieni. Binti anamaliza sekondari na promu yao, ile dansi ya kuagana, ni Mei. Nimemwambia bajeti ni dola 200 kwa kila kitu: tiketi, gauni, viatu, nywele. Amenuna mpaka leo. Wenzake wanachangishana limuzini na wanataka kula hotelini kabla ya kwenda ukumbini. Shangazi yake anasema namdhalilisha, eti watoto wetu tayari wanaonekana wageni shuleni, halafu nimpeleke na gauni la mtumba. Semeni.

Fundi Cherehani:
Inatosha, dada. Gauni la promu huvaliwa usiku mmoja likatundikwa, kwa hiyo mtumba wake ni mpya kasoro jina. Chukua lililozidi kidogo, usichukue linalobana. Kupunguza ni kazi ya mshono wa pembeni, kuongeza unahitaji kitambaa ambacho hakipo. Pindo lipimwe akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo hiyo. Na lenye shanga usimpelekee fundi wiki ya mwisho, maana shanga za kwenye mshono zinang'olewa moja moja ndipo sindano ipite. Mnatulaumu bure.

Bibi Harusi Mstaafu:
Msisahau kuna vikundi vinavyogawa magauni bure kabisa. Chicago wapo Glass Slipper Project tangu 1999, na miji mingine ina vya kwake. Ua la mkononi tengeneza nyumbani: mawaridi madogo mawili, utepe, mpira wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono, liweke kwenye friji usiku mmoja. Tiketi nayo muulize mshauri wa wanafunzi kimya kimya, shule nyingi zina namna ya kusaidia ila hawabandiki ukutani.

Shangazi wa Mjini:
Mimi siyo yule shangazi lakini namuunga mkono. Bure, bure, bure! Mtoto amesoma miaka 12, usiku mmoja tu mnamhesabia mawaridi?

Mzee wa Hesabu:
Tuache hisia, twende kwenye tarakimu. Visa, ile kampuni ya kadi za malipo, waliwahi kuuliza familia za Marekani. Mwaka 2013 wastani wa walichopanga kutumia ulikuwa dola 1,139 kwa familia. 2015 ukashuka hadi 919, na katika hizo 324 zilikuwa za kumwomba tu mtu akubali kwenda nawe promu, yale mabango na maputo. Cha kuchekesha ni hiki: katika ule wa 2013, wazazi wanaolea peke yao walipanga 1,563, walio kwenye ndoa 770. Yaani asiye na msaidizi ndiye anayemwaga zaidi. Fikirini wenyewe.

Simba Jike:
"Cha kuchekesha"? Mzee, kimekuchekesha nini hasa? Nalea wavulana wawili peke yangu, nafanya zamu za usiku, na kaka yao mkubwa nilimvalisha suti ya kukodi na viatu vya kung'aa. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwenye picha kila mwenzake alikuwa na baba pembeni anayemnyoosha tai. Wangu alikuwa na mimi. Basi angalau suti iwe kamili. Fikiria wewe hilo.

Mzee wa Hesabu:
Dada, nimesoma tarakimu tu. Sikukutaja.

Simba Jike:
Ulitaja. Ulisema "fikirini wenyewe".

Mpita Njia:
Na hao Visa wanapata pesa kadi zikitumika. Muuza mkaa akikwambia watu wanapika sana, mshukuru uondoke.

Mzee wa Hesabu:
Kwa hiyo takwimu ni mbaya kwa sababu ya aliyehesabu? Haya, leta zako.

Kaka Msema Kweli:
Mimi niseme ambalo wengi wanaogopa. Pesa nyingi za promu hazimfuati mtoto, zinamfuata mzazi anayeshindana na mzazi mwenzake. Na kina mama mnaolea peke yenu mnaongoza, mnataka baba aone kwenye picha kwamba mnaweza bila yeye.

Simba Jike:
Aone? Aone kwa simu gani, ile aliyobadilisha namba?

Fundi Cherehani:
😂😂 Kaka, hapo umejipalia makaa.

Kaka Msema Kweli:
Sicheki. Kuna akina baba tunalipa matunzo kila mwezi, yanakatwa kwenye mshahara kabla hatujauona, halafu ikifika promu tunatumiwa ujumbe wa pesa ya nywele. Nywele si ziko ndani ya matunzo?

Bibi Harusi Mstaafu:
Tulikuwa kwenye ua la mkononi jamani.

Simba Jike:
Matunzo yanalipa kodi ya nyumba na chakula, yakibaki nikuchangie wewe? Mtoto wa miaka 17 hali mchicha wa mwaka jana.

Kaka Msema Kweli:
Na mtoto akifika 18 matunzo yamekwisha, kila mtu ashike njia yake.

Mzee wa Hesabu:
Siyo kila mahali. New York yanakwenda hadi miaka 21. Na majimbo mengi mtoto akifikisha 18 bado yuko sekondari, unaendelea kulipa mpaka amalize. Kwa hiyo Kaka, promu ya Mei bado iko juu yako.

Kaka Msema Kweli:
Hata wewe? Si ndiwe uliyeanza na "cha kuchekesha"?

Shangazi wa Mjini:
Nilisema bajeti isibanwe mkanishambulia, sasa mnapigana wenyewe. Mtoto wa rais Ford alifanyia promu Ikulu ya Marekani, 1976, hakuna aliyemwambia ashone ua nyumbani.

Mpita Njia:
1975. Susan Ford, na darasa lake zima la shule ya Holton-Arms, tarehe 31 Mei. Na kwa kufanyia nyumbani kwa baba yake, hawakukodi ukumbi. Huo ndio ubanaji wa bajeti.

Fundi Cherehani:
Ingekuwa sisi tungesema sebule inatosha. Mnajua pia kuna shindano la nguo za promu zilizotengenezwa kwa utepe wa gundi? Lipo tangu 2001, la Duck, chapa ya utepe huo, mshindi anapata pesa za chuo. Nimeona picha, mishono ile ni ya heshima. Anavaa utepe, anasoma chuo, na wewe Shangazi unalilia limuzini.

Shangazi wa Mjini:
Binti yako angevaa utepe?

Fundi Cherehani:
Angevaa kama ningemkata mimi.

Mama Wawili:
Jamani, na kula hotelini je? Nimpikie?

Simba Jike:
Wapikie wenzake wote waje kwako, wapige picha uwanjani kabla giza halijaingia. Limuzini wachangie wanaotaka, wako apelekwe na gari la mzazi mmoja. Kaka Msema Kweli, bado hujanijibu. Nywele zimo kwenye matunzo kwa karatasi gani ya mahakama? Lete tuisome.

Kaka Msema Kweli:
Naleta. Ila kwanza mzee wa tarakimu atuambie hao wa dola 770 walio kwenye ndoa, nani kati yao alitoa hiyo pesa. Maana kwangu nilipokuwa nimeoa, nilikuwa natoa yote.

Simba Jike:
Mlete aliyekuwa mke wako hapa tumuulize.