Guangzhou kwa siku moja na yuan 200: mnara, mji wa zamani au makumbusho?

KijanaWaGerezani
Wakuu, salaam. Mzigo umeshafungwa, nami ndege yangu ya kurudi Dar ni Ijumaa usiku, kwa hiyo Alhamisi nzima ni yangu. Hii ni safari ya tatu na Guangzhou ninayoijua ni Xiaobei (mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika), soko la nguo la Baima na dirisha la teksi. Aibu. Nimebakiza yuan 200, chakula humo humo. Nawaza mambo matatu: kupanda Mnara wa Canton, kuzunguka mji wa zamani kwa miguu, au kushinda makumbusho. Waliofika naomba mnilinganishie.

MamaVitenge
Mdogo wangu, mnara achana nao. Kiingilio cha ghorofa za kutazamia kinaanzia kama yuan 150, sasa utakula nini? Mimi nilipanda mwezi wa sita. Mnara una mita 600, nikafika huko juu nikakuta ukungu mtupu, kama nimechungulia ndani ya birika la mtindi. Usiku nenda Uwanja wa Huacheng, uutazame kutoka ng'ambo ya mto na taa zake zinavyobadilika rangi. Hakuna anayekudai senti.

ChapaMiguu
Nimesoma pale miaka minne, na wageni wangu wote nawapitisha njia moja. Asubuhi panda treni ya chini, laini namba 1, ushuke Chen Clan Academy. Nauli ni yuan 2 kwa kilomita 4 za mwanzo. Jumba lilikamilika 1894, lilijengwa kwa michango ya watu wa ukoo wa Chen, na kiingilio ni yuan 10. Usikimbilie ndani, tazama juu ya paa kwanza: lote limejaa watu, simba na maua ya udongo wa kuchoma, kama sherehe imehamia darini.

Halafu rudi mjini ushuke Ximenkou. Kuna Msikiti wa Huaisheng na mnara wake mweupe wa mita 36 ambao zamani uliwaongoza mabaharia, maana mto ulikuwa karibu kuliko sasa. Kutoka hapo ni miguu: Mtaa wa Beijing, ambako utaona chini ya vioo tabaka za barabara za kale, kisha Kanisa la Mawe, yaani kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa kwa matale matupu kuanzia 1863 hadi 1888. Malizia kisiwa cha Shamian, walikojitengea Waingereza na Wafaransa baada ya Vita vya pili vya Kasumba. Miti mikubwa, vibaraza, wazee wanaocheza karata. Shamian hawatozi.

WaMwanza
Chapa umeruka kitu. Jirani na hilo kanisa kuna mtaa wa Yide, na pua yangu iliufikia kabla yangu. Vyakula vikavu vya baharini, duka baada ya duka. Nikasimama mbele ya kabati la kioo: mabondo, vile vibofu vya samaki! Yamepangwa kwa ukubwa, yamefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Sisi huku tunayapima kwa mizani ya mwaloni. Niliposoma bei nikanyamaza kidogo.

Otieno_Kisumu
Mimi nawapinga kuhusu mnara. Nilipanda Novemba, siku kavu, saa kumi na moja jioni, na nimeona mto wote unavyojipinda hadi taa zikawaka. Sijutii hata yuan moja. Kosa ni kukata tiketi mapema. Angalia anga kwanza: kama kutoka chini huoni ncha, kaa na pesa zako.

MtafutaKale
Makumbusho ya Mkoa wa Guangdong ni bure, ila jiandikishe kwa pasipoti, na Jumatatu hufungwa. Mimi ningekwenda kwenye kaburi la mfalme wa Nanyue, karibu na bustani ya Yuexiu. Lilifukuliwa 1983. Watu hukimbilia vazi la vipande vya jiwe la jade alilozikwa nalo, mimi nilikwama kwenye pembe za ndovu. Watafiti walisema ni za tembo wa Afrika, na mfalme huyo alizikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Tuliojiona wa kwanza kuleta mzigo Guangzhou tumechelewa kweli.

UstadhSafari
Kwa anayeangalia halali, tafuta maandishi 清真 mlangoni. Maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono yako kila kona. Bakuli la nyama ya ng'ombe halizidi sana yuan 20. Vile vyakula vidogo vya mvuke vya asubuhi vinavutia, lakini nguruwe humo ni jambo la kawaida, uliza kabla. Na simu uijaze chaji! Bila simu hulipi, huoni ramani, huwezi hata kumuuliza mtu njia. Fungua Alipay, programu ya kulipia kwa simu, na uiunganishe na kadi ya benki ukiwa bado hotelini.

KijanaWaGerezani
Nimerudi hotelini, nyayo zinawaka moto. Asubuhi mawingu yalifunika ncha ya mnara, kwa hiyo Otieno alinifanyia uamuzi. Nimefuata njia ya Chapa. Getini kwenye treni askari alinyooshea kidole chupa yangu ya maji, nikadhani ananyang'anya. Kumbe anataka ninywe fundo moja aone kama ni maji kweli. Jioni nimevuka mto kwa kivuko cha umma, nimebanana na watu waliotoka kazini, upepo mzuri. Nauli, kiingilio, tambi na maji vyote havikufika yuan 60.

Zilizobaki zimeishia mtaa wa Yide. Mbele kidogo ya mabondo wanauza vidoli vya jumla, nikaanza na kimoja cha binti yangu.

MamaVitenge
Umenunua dazeni ngapi?

KijanaWaGerezani
Mbili, dada. Na begi lilikuwa limebakiza kilo moja.