Maji magumu ya Dodoma: birika, hita na maharage. Tupeane uzoefu

Mwenye mada: Wakuu wa Dodoma, mnaotumia maji ya bomba kutoka visima vya Mzakwe na mliochimba visima vyenu nyumbani, njooni. Ukoko mweupe kwenye birika, shawa inayorusha maji ukutani, sabuni ya mche inayogeuka utando badala ya povu. Mwenye dawa aitaje na vipimo. "Weka kidogo" hatutaki.

Bomba Kavu: Birika: vijiko viwili vya chakula vya asidi ya sitriki (ile ya unga, wanayo wauza vifaa vya keki) kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Acha saa moja, mwaga, suuza mara mbili. Usichemshe! Asidi hiyo ikichemka na chokaa inatengeneza ukoko wa aina nyingine, mgumu kuliko wa kwanza.

Area C: Siki inatosha, mnahangaika bure.

Bomba Kavu: Inatosha, ila nusu siki nusu maji, na nyumba nzima itanuka kachumbari. Sufuria la alumini usiliache humo usiku kucha, linaliwa.

Nkuhungu Juu: Mimi naweka shabu kwenye pipa, maji yanakuwa meupe peee.

Bomba Kavu: Mkuu, shabu inashusha tope. Kalsiamu na magneziamu, zinazofanya maji yawe magumu, zimeyeyuka, hazishuki kwa shabu wala kwa dawa ya klorini. Kuchemsha kunatoa sehemu tu ya ugumu, ndiyo hiyo inayoganda kwenye birika. Ule unaotokana na salfeti unabaki. Jipimie: chupa ya nusu lita, jaza maji hadi katikati, kwangulia sabuni ya mche, tikisa. Ukiona maziwamaziwa na utando bila povu, ni magumu. Fanya vilevile na maji ya mvua uone tofauti.

Fundi wa Hita: Mnaongea mabirika wakati bomu liko bafuni. Huu uzi umenikumbusha valvu ya usalama, kile kidude chenye kijiti chini ya hita. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kama robo tatu ya lita, na pasipo tangi la kupokea mtanuko, ziada inadondoka hapo. Hiyo ni kazi yake. Sasa mwenye nyumba anaona sakafu inalowa, anaita fundi wa mtaani, fundi anaiziba valvu kwa plagi. Au chokaa yenyewe inaigandisha, hata plagi haihitajiki. Siku themostati (inayozima umeme maji yakishapata moto) ikikwama, koili haizimi. Maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka, kila lita ya maji inayogeuka mvuke inakuwa zaidi ya lita 1,500 papo hapo. Dari linaondoka.

Kila mwezi nyanyua kijiti: maji yatoke, ukiachia yakate. Yasipotoka, zima swichi kuu leo hii, badilisha valvu. Themostati iweke 60, juu ya hapo chokaa inaganda kwa kasi. Mara moja kwa mwaka zima umeme, funga maji, mwaga tangi, chomoa koili. Ukikuta fimbo ya magneziamu imebaki waya mtupu, weka mpya, la sivyo kutu inahamia kwenye tangi.

Area C: Mungu wangu. Yangu inadondoka, nilikuwa nimeikingia ndoo tu.

Fundi wa Hita: Ndoo sawa, dada. Plagi ndiyo hapana.

Kisasa B: +1. Tumetoka kunyanyua kijiti, kimekatikia mkononi.

Fundi wa Hita: Swichi kuu!!

Mama Maharage: Turudi jikoni. Maharage hayaivi kwa haya maji, kalsiamu inakaza ganda. Loweka usiku, mwaga maji, tia magadi robo kijiko cha chai kwa kilo. Mkaa unapungua.

Mtu wa Arusha: Magadi hapana! Mengi ya huku kwetu yana floridi, ndiyo inayopaka meno rangi ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita ya maji, nyie mnaongezea kwenye chungu. Na kuchemsha hakuitoi, inazidi kukolea maji yakipungua.

Mama Maharage: Robo kijiko, kaka. Hatuli magadi kama ugali.

Mtu wa Arusha: Basi tumia baking'i soda.

Mama Maharage: Bei yake utalipa wewe?

Nkuhungu Juu: Kingeni mvua za Desemba mpaka Aprili. Ya dakika kumi za mwanzo mwaga, ni vumbi la bati na mavi ya njiwa. Yanayofuata yawe ya maharage na chai tu, kufulia tumieni sabuni ya unga.

Kisasa B: Kwa hiyo valvu mpya inauzwa wapi?