Nataka kuwa mwandishi wa habari: diploma au digrii, na fildi (mafunzo kazini) ya maana inapatikana wapi?

BintiNyakato:
Habari zenu wakuu. Nimemaliza fom siksi, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nipo Mwanza. Tangu nipo O level nataka kuwa mwandishi, na simaanishi mtangazaji wa vipindi vya muziki, namaanisha mtu wa kufuatilia mambo ya mahakamani, halmashauri, hospitali huko. Sasa nyumbani hatuelewani, mzee anataka niende digrii moja kwa moja, mjomba anasema watu wa digrii wanafika redioni hata habari ya sekunde 30 hawawezi kuandika kwahiyo nichukue diploma nianze kazi mapema. Kisheria inatakiwa elimu gani? Vyuo gani niangalie? Na fildi ndo inanitisha kabisa, kuna dada tulikuwa tunakaa naye hosteli alienda fildi kwenye redio moja akawa anatumwa vocha na chai mpaka anamaliza, hakurusha habari hata moja. Naombeni ukweli.

Kanda_ya_Ziwa:
Mdogo wangu karibu sana kwenye kazi hii. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 ndo zilileta hii habari ya ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi, na kiwango cha chini ni diploma ya uandishi wa habari, cheti peke yake hakitoshi. Kwahiyo mzee na mjomba wote wapo ndani ya sheria, hapo usiumize kichwa.

Kwenye vyuo, hapo hapo Mwanza unayo SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, pale Malimbe, kabla ya kuwa chuo kikuu 1998 ilikuwa chuo cha Nyegezi na kimefundisha waandishi wengi sana wa nchi hii, na wana Radio SAUT. Dar kuna SJMC, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zamani ndo chuo cha uandishi cha TSJ kilichoanzishwa 1975, wao wana Mlimani redio na tv. Nataja hivi viwili kwa sababu ya hizo redio na si kwa sababu ya majina. Chuo chochote utakachoenda kuulizia omba wakuonyeshe studio, uliza inaruka hewani kweli au ni chumba cha kupigia picha siku ya mahafali, uliza mwanafunzi anaanza kuingia mle mwaka wa ngapi na nani anamsahihisha. Ukiona wanababaika ondoka. Halafu kwa vyuo vya diploma hakikisha kozi yenyewe inatambulika NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi linalosimamia vyuo hivyo, vipo vyuo vina bango zuri tu barabarani.

Dada_wa_Deski:
Mimi nipo deski la habari, watu wa fildi napokea kila mwaka, acha niseme upande wetu. Chumba cha habari asubuhi kuna kikao, mhariri anauliza nani ana nini, na yule wa fildi anakaa kwenye kona kimya anasubiri kupangiwa. Ikifika saa 4 wenzake wote wameshatoka na gari, yeye kabaki ofisini, na aliyebaki ofisini ndo anatumwa chai. Si sahihi na nawagombeza wenzangu kwa hilo, ila mdogo wangu dawa yake ni kuingia kwenye kile kikao na habari mkononi.

Utaitoa wapi? Nakupa moja. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinatoka hadharani kila mwaka mwezi wa 4, zipo bure mtandaoni, na ile ya serikali za mitaa ukienda kwenye viambatisho vya nyuma utakuta halmashauri zimetajwa kwa majina. Tafuta ya kwenu. Tuseme kuna zahanati imetajwa pesa imetoka jengo halijaisha, panda daladala nenda ukaione, piga picha, ongea na akina mama wanaotembea kwenda kujifungulia kata nyingine, ongea na mganga mfawidhi, halafu rudi kwa mkurugenzi wa halmashauri na maswali yako umeyaandika na umpe nafasi ya kujibu. Ukiniletea hiyo sikutumi chai, nakaa na wewe tunaipunguza mpaka iwe sekunde 90, na hapo kwenye kupunguza ndo unajifunza kazi.

Mahakamani umepasema mwenyewe na nimefurahi maana vijana wanapakimbia. Andika jina la hakimu, mwendesha mashtaka, kosa na kifungu chake, kesi inarudi lini. Majina ya washtakiwa muombe karani uyaone yalivyoandikwa, usisikilizie kwa masikio, jina moja likikosewa umemchafua mtu asiyehusika. Na simu ukiwa mle ndani izime.

Bahasha pia. Utaenda kwenye semina utapewa bahasha ya pesa eti ya nauli, usiizoee. Habari ya yule aliyekupa utashindwa kuiandika siku ikigeuka.

mkorosho255:
Mimi naenda tofauti kidogo na wakuu. Kama anataka kuchimba kweli asome digrii ya sheria au uchumi kwanza halafu diploma ya habari afuatishe. Kuandika intro, ile sentensi ya kwanza ya habari, unafundishwa wiki chache tu, kusoma bajeti ya halmashauri au hukumu ya kurasa 60 nani atakufundisha saa 10 jioni habari ikiwa inatakiwa saa 12?

Kanda_ya_Ziwa:
Mkuu una hoja ila hiyo ni miaka mingi na ada mara mbili, si kila mzee anaweza.

wa_South_B:
Niko Nairobi, nilisomea KIMC, hiyo ni taasisi ya mawasiliano ya umma ya tangu 1961. Hata huku ni hivyo hivyo, stesheni kubwa kila mtu anataka kwenda attachment huko na unakuta mko kumi mnagombania kompyuta moja. Mimi nilienda redio ya mashinani, maripota walikuwa wachache sana so wiki ya kwanza tu nilikuwa hewani. Anza na ndogo dadangu.

BintiNyakato:
Asanteni sana jamani, nimemsomea mzee yote haya na ameanza kulainika kuhusu SAUT maana nitakaa nyumbani. Sasa barua ya fildi napeleka lini na kwa nani?

Dada_wa_Deski:
Peleka mwezi wa 3, ikifika wa 7 vyuo vyote vimemwagika tumeshajaa. Ipeleke kwa mkono, mapokezi watakugongea muhuri, ila omba kuonana na mhariri wa habari mwenyewe hata dakika 5, uende mchana baada ya taarifa ya saa 7 maana asubuhi hana muda na mtu.